Nani Atampeleka Baba Kliniki ya Moyo

Newala,
mwanzoni mwa Agosti

Kaka Gwakisa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima wewe na wifi, pamoja na Lusajo, ambaye nasikia sasa anasoma bila kufuatisha kidole. Mimi huku ni mzima. Asubuhi za Newala siku hizi zina baridi. Si baridi ya kwetu Tukuyu ya kulala na soksi, ila inatosha kuwafanya wanafunzi wangu wa kidato cha pili waje darasani wamejifunga mashuka shingoni. Nikiwaambia kwetu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, wanatazamana. Hapa juu maji ni ya kutafuta. Kila nyumba ya bati ina mfereji wa kukingia mvua na tangi lake, na mpangaji akiacha koki ya tangi ikidondoka anaonekana hana malezi. Mimi nilionekana hivyo wiki ya kwanza, sasa nimenyooka.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako huwa iko kwenye spika, kaka. Nikisema shikamoo anaitika wifi. Nikiuliza habari za baba unanijibu "sawa, sawa, tutaongea", na nyuma yako nasikia mtu anapakua wali. Ninalotaka kulisema leo linamhusu wifi, na sitaki alisikie nusu akadhani namkataa. Mwalimu mwenzangu anakuja Mbeya kwenye harusi, anapitia Songea, nitampa bahasha. Isome ukiwa peke yako, kisha wifi umweleze kwa mdomo wako mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili: baba asipelekwe kliniki ya moyo na wifi. Umpeleke wewe.

Najua mlivyopanga. Rufaa ya baba imetoka, nyumba yenu iko karibu na hospitali, wifi ana subira na anayajua mapokezi kwa sababu alijifungulia pale pale, na wewe una gereji ambayo ukiigeuzia kisogo mafundi wanakaa kitako. Kwa maneno mpango hauna kasoro. Ningekuwa Mbeya ningepanga hivyo hivyo. Lakini nimeona kitu huku, na nitakusimulia kilivyokuwa bila kukipaka rangi.

Mwenye nyumba wangu anaitwa Mama Fadhila. Ni mjane, Mmakonde wa hapa hapa, ana shamba la mikorosho njia ya kwenda Tandahimba. Mtoto wake ni mmoja, huyo Fadhila, ameolewa na kijana anaitwa Issa, mwenye pikipiki. Kwa desturi ya huku ni Issa aliyehamia upande wa mke, akajenga ng'ambo ya uzio wa mama mkwe wake. Tangu nihamie hapa sijamwona Issa akila mbele ya Mama Fadhila, wala Mama Fadhila mbele yake. Issa akipita uani, mama anavuta kanga kichwani na Issa anatazama chini. Anamlimia, anampulizia mikorosho, anamjazia ndoo za maji, lakini maneno yao yote yanapitia kwa Fadhila. Hawana ugomvi hata kidogo. Wanapendana sana hawa watu, na hivyo ndivyo wanavyopendana.

Sasa, kuanzia mwezi wa tano kuelekea wa sita huku ni msimu wa salfa. Ni unga wa njano wanaopuliza kwenye mikorosho ili ukungu usiharibu maua. Mashine zinanguruma mashambani tangu alfajiri, unga unatua kwenye nguo zilizoanikwa mpaka kwenye kikombe chako cha chai, na kila mtu anakohoa. Ugonjwa wa Mama Fadhila ulijificha humo. Alianza kuhema akitoka tangini na ndoo ndogo, akasema ni salfa. Akawa anakohoa kila akijilaza, akasema salfa hiyo. Akanywa maziwa mfululizo, maana huku wanaamini maziwa yanasafisha salfa kifuani. Kisha miguu ikavimba, akivua ndala mikanda inabaki imechorwa kwenye ngozi. Hapo hata mimi mwalimu wa jiografia niliuliza salfa imefikaje miguuni.

Akacheka. "Mwalimu, wewe umesoma sana. Nimesimama jikoni, basi."

Fadhila alimshurutisha mpaka akaenda hospitali ya hapa. Wakampima, wakampa vidonge vya presha na rufaa ya kwenda kliniki ya moyo Masasi. Siku ya kliniki ilipofika Fadhila alikuwa ndani na mtoto mchanga, mimi nilikuwa nasimamia mitihani. Akabaki Issa. Ana chombo cha usafiri, ana muda, ni mtoto wa nyumbani. Hakuna aliyeona kosa, na mimi sikuliona.

Kosa lilianza kujionyesha kabla hawajaondoka. Mama Fadhila hawezi kupanda pikipiki ya mkwe wake, wakae kiti kimoja amshike kiuno. Kwa hiyo mama alipanda gari la asubuhi la Masasi na Issa akalifuata nyuma kwa pikipiki, njia nzima. Ungewaona ungecheka. Mimi nilicheka.

Yaliyotokea huko nimeyapata pande mbili, Issa amenisimulia kivyake na mama kivyake, na yanafanana. Mama alikuwa hajala kitu tangu jana yake, kwa sababu jirani alimwambia vipimo vya moyo havitaki chakula. Na vidonge vyake hakuvimeza. Nesi alipomuuliza sababu, alijibu kwa fahari kabisa: "Nilitaka daktari auone ugonjwa wenyewe, sio uliofunikwa na dawa." Presha ilikuwa juu, kizunguzungu kinamzungusha, na nesi akamweleza kwamba vidonge vya kila siku humezwa hata siku ya kliniki, na kama kipimo kinataka tumbo tupu utaambiwa mapema, vinginevyo kula. Walimkalisha kwanza apumzike ndipo wakampima upya.

Daktari ni kijana mwenye adabu. Alimwamkia, mama akaitikia marahaba. Issa alikuwa ameingia naye kwa sababu ndiye aliyeshika kadi ya bima na karatasi za rufaa. Alisimama kando akitazama kalenda ukutani.

"Mama, unasumbuliwa na nini hasa?"

"Kikohozi kidogo tu, mwanangu. Sijambo."

"Usiku unalala vizuri?"

"Nalala."

"Unalalia mito mingapi?"

"Mmoja."

Kaka, mimi huwa naiona mito yake anapoianika juani. Ni mitatu, na juu yake anaweka blanketi lililokunjwa. Lakini ataelezaje habari za kitanda chake mkwe akisikia? Daktari akauliza habari za haja ndogo usiku, akaomba kuiona miguu. Mama akashusha kanga ikafunika mpaka vidole. Daktari akamgeukia Issa. "Wewe unaishi naye. Unamwonaje?"

"Mama yuko vizuri, dokta. Ni salfa tu hii."

Nilipomuuliza Issa kwa nini alisema hivyo, alinitazama kama vile nimemtukana. "Mwalimu, ningesemaje? Mimi nianze kueleza mama mkwe anavyolala? Nimemwonea wapi?"

Wakampeleka chumba cha kipimo cha moyo, kile cha kubandikwa waya kifuani. Issa hapo alitoka mwenyewe bila kuambiwa, lakini mama alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, zipu mgongoni, linabana, na alikuwa ameshasikia kwamba waya zile zinaingiza umeme mwilini. Akasema kifua kimepata ubaridi, atarudi siku nyingine. Akapewa vidonge vya presha na tarehe ya kurudi. Daktari simlaumu. Aliandika alichoambiwa.

Tarehe hiyo hatukuifikia. Asubuhi moja ya likizo nilikuwa nafua, nikamwona amesimama katikati ya uani ameshika mti wa kamba ya nguo, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa haiingii. Fadhila alipiga kelele ng'ambo ya uzio. Nakiri niliogopa sana, mikono ilikuwa na povu na sikujua niifute wapi. Hatukungoja kliniki, tulimkimbiza hospitali ya hapa, wakamwekea oksijeni na dawa ya mshipa ya kutoa maji. Alilazwa. Alipopata nafuu wakamwandikia tena Masasi, na safari hii nikasema nitaingia naye mimi.

Nilimvalisha blauzi ya vifungo mbele. Alikunywa uji, akameza vidonge vyake kwa maji, nikatia dawa zake zote kwenye mfuko wa rambo. Nasema zote: za presha, chupa ya mizizi aliyopewa na shangazi yake wa Lulindi, na vidonge vya maumivu alivyokuwa ananunua dukani kwa ajili ya miguu. Aliona haya kwa ile chupa. Daktari hata hakuikemea, alisema tu aiweke kando kwanza. Alichokishika ni vile vya maumivu.

"Hivi unameza kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Miguu inauma."

Akamweleza kwamba vidonge vya aina ile vinaushikia mwili maji na kuuongezea moyo mzigo. Kwa hiyo alikuwa anatibu miguu huku anaijaza.

Issa alikuwa amekuja, lakini alibaki kwenye kibanda cha chai nje ya geti. Aliniambia, akitazama kikombe, "Mwambie aseme yote. Mimi sipo." Nikayafikisha maneno hayo jinsi yalivyo. Basi daktari alipouliza tu analala vipi, Mama Fadhila aliweka kanga mabegani akasema, "Nalala nimekaa. Tangu mwezi wa tano sijaweka mgongo kitandani." Akaendelea mwenyewe bila kuulizwa: anavyoamka akitafuta hewa, anavyokwenda chooni akashindwa kurudi, kwamba mama yake mzazi alikufa akiwa na miguu hiyo hiyo. Daktari aliacha kuandika akamsikiliza.

Waya akaeleweshwa kuwa haziingizi chochote, zinasikiliza tu. Alilala akatulia. Kipimo kingine kilikuwa cha picha: unapakwa kitu cha baridi kifuani kama mafuta mazito, wanapitisha kifaa, na moyo unaonekana kwenye skrini. Mama aligeuza shingo akautazama.

"Ndio huo?"

"Ndio huo, mama."

"Mbona unafanya kazi kivivu?"

"Sio uvivu. Umechoka."

Hapo nililazimika kutazama dirishani.

Moyo umetanuka na nguvu yake imepungua. Atakunywa dawa siku zote za maisha yake, hata akijisikia mzima. Chumvi apunguze, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu ming'oko, vile viazi pori vya huku, bila chumvi anasema ni adhabu. Apime uzito mara kwa mara, na ukipanda ghafla au miguu ikirudi kuvimba asisubiri. Leo ninavyokuandikia ametembea mpaka kwenye mikorosho yake ya karibu na kurudi, amekaa barazani anamwelekeza Fadhila namna ya kumbeba mtoto. Wakati tunatoka daktari aliniambia jambo moja, wala hakulaumu mtu: angeyajua yale safari ya kwanza, mama asingefikia kuwekewa oksijeni.

Sasa turudi kwa baba.

Wewe na mimi hatuna cha kuwacheka Wamakonde. Wifi akija Tukuyu anapiga magoti mbali, baba anaitikia akiwa ametazama pembeni, halafu anakumbuka ghafla kwamba kuna kazi kwenye kahawa. Hajawahi kumtaja wifi kwa jina, wala wifi hajawahi kumtaja yeye. Akipita mlango huu, mwingine anatafuta mlango ule. Wewe unasema hayo ni mambo ya kizamani na baba ni mzee wa kanisa. Ni ya kizamani, sikatai. Lakini baba naye ni wa kizamani, na kifua kinachouma ni chake.

Krismasi iliyopita nilipanda naye mlima kwenda shambani. Kila baada ya kipande kidogo alisimama, akashika jani la mgomba, akaligeuza, akalitazama kwa makini. Nikamuuliza anatafuta nini, akasema siku hizi kuna ugonjwa wa migomba. Yale majani yalikuwa mazima, kaka. Alikuwa anapumzika na hakutaka nijue. Nilichukia, kisha nikamwonea huruma, na yote mawili bado ninayo. Kama mbele yangu mimi anajificha nyuma ya jani, mbele ya wifi atajificha wapi?

Daktari atamuuliza anahema akifanya nini, na kama anaamka usiku kukojoa. Atamuuliza pia kama chumbani mambo bado yako sawa na mama, maana nimeambiwa na hilo wanauliza, linahusiana na moyo na dawa zake. Atamwambia avue shati na akunje suruali. Wifi akisimama pale ameshika kadi ya bima, baba atasema yuko vizuri, na karatasi itaandikwa yuko vizuri. Wakimwomba wifi atoke nje, ndiyo atatoka, lakini baba atakuwa ameshajifunga tangu kwenye gari. Hata mimi nikija atasema nusu. Wewe ndiye unayeweza kumvua shati.

Basi umfuate Tukuyu siku moja kabla alale kwako, asikurupuke asubuhi. Avae shati la vifungo na suruali pana. Ale, ameze dawa zake kama kawaida, isipokuwa hospitali yenyewe iwe imesema vingine. Usimwulize ana dawa gani, atakuonyesha moja. Mwambie mama afungue kabati na afungue lile sanduku chini ya kitanda, mtie vyote mfukoni hata kama ni majani ya mzee wa Kiwira. Chukueni na vyeti vya zamani vya vipimo. Mkumbushe mama akuambie yeye anachokiona usiku, maana anajua kuliko baba. Babu alianguka shambani akafa pale pale, hilo pia mliseme, msione ni habari ya msiba. Na akisema sijambo, wewe muulize mbele ya daktari, taratibu, bila kumdhalilisha: baba, mara ya mwisho kupanda kwenye kahawa bila kusimama ilikuwa lini? Kisha mtulie, msimjibie.

Kabla hamjatoka ulizeni dawa ipi ni ya nini, ipi asikose, na dalili gani hazingoji tarehe. Kifua kikibana kisitulie, au jasho la baridi, au pumzi ikikata kama ya Mama Fadhila, ni hospitali saa hiyo hiyo. Gereji itakaa siku moja bila wewe. Mafundi watalala, nawajua, waache walale.

Wifi umwambie kwamba hili si la kumtilia shaka. Yeye ndiye aliyegundua kuwa miguu ya baba imevimba, akiwa amepiga magoti mbali, wakati sisi watoto wake tuliokuwa tunakaa naye meza moja hatukuona. Amefanya sehemu yake na zaidi. Naomba awapikie mkirudi, basi.

Nisalimie mama, mwambie kitenge nimekipata lakini rangi siyo ile. Msalimie shangazi yetu wa sokoni na ndizi zake, mama mdogo wa Kiwira ambaye ananidai picha, na mchungaji, ambaye najua ataniuliza kama huku nimepata kanisa. Nimepata, tena kwaya yao inaimba vizuri kuliko yetu, lakini hilo usimwambie. Lusajo mbusu.

Wako katika damu moja,
mdogo wako Tumpe

Kaka, nimeifungua tena bahasha. Baba amenipigia sasa hivi. Nikamuuliza kama yuko tayari kwa safari, akasema yuko tayari, hajambo kabisa. Nikamuuliza anakwenda na nani. "Wamesema mkwe." Kisha akasema, "Tumpe, nikianguka njiani, atanishikaje?"

Sikukungoja. Nimemwambia anakwenda na Gwakisa.

Nilimsikia akishusha pumzi. Akasema, "Basi nitakwenda."